Karatasi ya Thelathini na Saba

Hervé aliinama, akalaza sikio juu ya mashine, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mimi nikapunguza kupumua. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba na hajui aanze kumwambia nani.

"Yaya Ernestine," alisema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake, "hii disiki inataka kufa."

Nilikuwa nimeisikia tangu asubuhi hiyo ya Jumatatu, nikajifanya sijasikia kitu. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama ya mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga chumba cha pili. Kwanza nilimsingizia mjusi. Kisha nikalifungua dirisha zaidi ili makelele ya barabara yaifunike. Ndivyo nilivyoumbwa: jambo nisilolitaka mimi hulipatia nafasi liondoke lenyewe, na sikumbuki hata moja lililowahi kuondoka.

Chumba chetu kiko nyuma ya redio moja ndogo ya hapa Kasongo. Kina meza mbili, mashine moja, betri nne zinazolishwa na paneli za jua zilizo juu ya bati, na dirisha linalotazama barabara. Ndani ya mashine mna majina elfu kumi na moja na ushei, ya watu wanaotafuta na ya watu wanaotafutwa. Yumo mama aliyepotezana na mwanawe wakati wa kukimbia, na yumo kaka aliyekwenda Salamabila kuchimba dhahabu akaacha kupiga simu. Wapo wa vita vya zamani na wapo wa mwezi uliopita. Wenzetu watatu, mmoja Kabambare, mmoja Salamabila na mmoja Lusangi, huiuliza mashine kwa simu zao na kuingiza majina mapya. Wengine wote huja dirishani, wengi wao wakiwa na vumbi la siku mbili za pikipiki kwenye nyusi.

Kila Alhamisi saa kumi alasiri mimi huingia studio nikasoma majina ya wanaotafutwa. Ni mengi mno kusomwa yote, kwa hiyo mashine huyapa zamu, na jina moja hurudi hewani kila baada ya miezi mitatu. Isipokuwa jina moja tu. Hilo nililiwekea alama mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita, lisomwe kila wiki, la kwanza kabla ya mengine. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na nadhani hakuna asiyejua. Ni jina la baba yangu.

Hervé ni fundi wa kompyuta kutoka Kindu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kuzungumza na mashine kuliko anavyozungumza na watu. Alisema tufunge siku mbili.

"Mutu yeyote asiiguse. Natoa kopi muzuri, naiweka mu disiki mupya, mambo inakwisha."

"Hatufungi."

"Yaya, mwaka jana ulisema vile. Mwaka mwingine ulisema vile vilevile. Njo maana hatuko na kopi mupya hata moja."

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza tulifunga siku mbili ili kunakili. Siku ya pili yake akaja mwanamke kutoka Salamabila kumtafuta mwanawe, akakuta dirisha limefungwa, akakaa kwenye ngazi hadi mchana, kisha akaondoka bila kuacha jina. Wiki moja baadaye mwana akaja kumtafuta mama. Ilituchukua miezi mitano kuwakutanisha. Siku walipokutana watu walishangilia na kunipongeza, na mimi nilikuwa nahesabu ile miezi mitano moyoni. Nikaapa kwamba dirisha lile halitafungwa tena nikiwa hai. Kiapo kilikuwa kizuri. Ubaya wake ni kwamba disiki hazijui kiapo.

"Basi," alisema Hervé, akakuna shingo, "kesho nitaichota vile vile, watu wakiendelea kufanya kazi."

Jumanne alichomeka disiki mpya asubuhi na mapema na kuanza kuchota. Mambo yakaenda kama kawaida. Watu walikuja, simu zikalia, majina yakaingia. Saa nne alikuja Safi, mwuza samaki wakavu wa Salamabila, akamwandikisha mdogo wake Malaika, ambaye waliachana wote wakiwa wasichana. Saa tisa alasiri Hervé akapiga makofi. Nakala imekwisha. Akahesabu: majina elfu kumi na moja mia nne thelathini na mawili kwenye mashine, idadi ile ile kwenye nakala. Akaanza kukunja nyaya zake.

"Iulize kitu," nikamwambia.

"Nani?"

"Nakala. Iulize habari za Safi wa asubuhi."

Akaifungua kwenye kompyuta yake ya mapajani, akaandika. Safi akatokea: jina, umri, namba ya simu, Salamabila. Chini yake palikuwa na maneno "anamtafuta", na mbele ya maneno hayo palikuwa peupe. Tukamwuliza Malaika. Naye alikuwemo, na kovu lake la nyusi na wimbo aliopenda kuimba, ila hakuna aliyekuwa akimtafuta. Tukauliza wengine wa siku ile. Wengine walikuwa wazima, na wengine walikuwa vilevile, wamekatika katikati.

Hervé aliketi. Alinieleza polepole, nadhani akijieleza na yeye mwenyewe. Mashine yetu ina kama droo tatu: moja ya wanaotafuta, moja ya wanaotafutwa, na moja ya nyuzi zinazowaunganisha. Aliichota droo ya nyuzi saa tatu. Safi alikuja saa nne. Droo mbili za majina zilichotwa mwisho, karibu na saa tisa. Kwa hiyo Safi akaingia kwenye nakala, na Malaika baada yake, lakini uzi wao haukuingia. Kila droo ilikuwa ya kweli kwa saa yake, na zote tatu kwa pamoja zilikuwa uongo.

"Mashini za sasa zinajua kufanya hii kazi zenyewe," alisema. "Hii yetu ni ya zamani sana. Yaya, lazima tufunge."

Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Baba yangu, Raphaël, alikuwa karani wa vizazi na vifo kule Kabambare. Daftari lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba nikiwa mdogo nililiona kama mlango uliolazwa mezani. Kila mwaka ulipokwisha ilimpasa kulinakili lote kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, ili daftari moja libaki na nakala iletwe hapa Kasongo. Kazi ilichukua wiki tatu. Mama alikuwa mwalimu, na wakati huo shule zimefungwa, basi yeye alisoma na baba akaandika. Nasikia bado sauti ile: jina, koma, jina la baba, koma, jina la mama, kituo. Mama alisoma majina ya wakulima wa vijiji vya mbali kwa heshima ile ile aliyosomea masomo ya kanisani, na akikosea baba aliinua kalamu tu, hakusema neno, naye akarudia. Nilikuwa nafanya kazi zangu za likizo chini ya meza yao, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na baridi. Sijawahi kuwa na amani kama ile, na sijui kama nitaipata tena.

Lakini baba naye hakuwahi kulifunga dirisha. Mtu ametembea siku mbili na mtoto mgongoni, utamwambia arudi wiki ya nne? Shida haikuwa kuandika watoto wapya. Hao wangeongezwa mwishoni. Shida ilikuwa yule anayekuja kusema kwamba mtoto aliyeandikwa mwezi wa tatu amefariki, na mwezi wa tatu umeshanakiliwa tangu juzi. Ukisahihisha daftari, nakala inabaki inasema mengine.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza baba alipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho, akatia sahihi. Tangu saa hiyo hakuna kilichoandikwa daftarini. Kila aliyekuja aliandikiwa karatasi ndogo yenye namba, na karatasi ikabanwa kwenye kamba iliyofungwa toka kabati hadi dirishani, kwa vibanio vya nguo vya mama. Mtu akija kuuliza, baba aliitazama kamba kwanza, kisha daftari. Nakala ilipofika kwenye mstari mwekundu, alizishusha karatasi moja moja na kila moja akaiandika mara mbili, daftarini na kwenye nakala. Alizishusha kwa namba, bila kuruka. Alisema mtoto hawezi kufa kabla hajazaliwa, na karani asiyefuata namba anaweza kumfanyia mtu jambo hilo.

Nilimweleza Hervé. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki.

"Baba yako alikuwa fundi ya seva."

"Hakuwahi kuona hata televisheni."

"Haizuru. Kesho asubuhi naifunga kuandika. Itajibu watu, lakini haitapokea kitu. Weye utafunga kamba."

Jumatano saa moja asubuhi Hervé aliifungia mashine isiandike, mimi nikafunga kamba toka msumari wa kalenda hadi fremu ya dirisha. Niliwapigia simu wenzetu watatu. Moustapha wa Kabambare, mtu mzima, mshika swala, anayependa kuelewa jambo kabla ya kulikubali, aliniuliza mara mbili.

"Kwa hiyo, mama Ernestine, kuuliza tunauliza?"

"Munauliza."

"Na mutu mupya?"

"Unanisomea kwa simu, naandika ku karatasi, nakupa namba."

"Kama mu biro ya serikali ya zamani."

"Vile vile kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema Moustapha. "Hiyo naielewa."

Mashine ilitafuna mahindi yake siku nzima, polepole kuliko jana, na mimi nikaandika. Nitasema kweli, niliifurahia siku ile. Mkono wangu ulipata kazi uliyoizoea utotoni kwa kuitazama tu. Karatasi ya kumi na mbili ilitoka Lusangi: mzee Bulaimu anamtafuta mpwa wake, Abdoul. Baada ya saa mbili Salamabila wakapiga. Yupo kijana mchimbaji anaitwa Abdoul, anauliza kama kuna mtu yeyote wa kwao aliye hai. Mashine ilijibu kwamba haimjui. Nikainua macho kwenye kamba, na namba kumi na mbili ilikuwa inacheza kwa upepo. Nilipiga kelele hata Hervé akadhani disiki imekufa.

Saa nane mchana nikamwona mama kwenye foleni, wa sita. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tunaishi nyumba moja, mimi na yeye, na asubuhi tulikunywa chai pamoja bila yeye kusema lolote. Nikamwita apite mlangoni.

"Hapana," alisema. "Wenzangu walinitangulia."

Akasubiri zamu yake, akafika, akaweka mikono miwili ukingoni mwa dirisha.

"Jina?" nikamwuliza kwa utani.

"Véronique." Hakucheka. "Niko na dossier kwenu, jalada yangu. Namutafuta bwana yangu, Raphaël."

"Naijua, mama."

"Nimekuja kuomba muitoe."

Nyuma yake watu walikuwa wanazungumza habari za bei ya unga na za daraja lililobomoka. Niliweka kalamu chini.

"Kwa nini haukuniambia ku nyumba?"

"Ku nyumba weye mutoto wangu. Utalia, nami nitanyamaza, itakwisha vile. Hapa weye njo mutu wa majina." Akashusha sauti. "Baba-mukubwa yako François alituma neno toka Lusangi. Kifua kinamusumbua, anasema hatafika kiangazi ingine. Anataka tufanye matanga ya mudogo wake angali na nguvu ya kukaa chini. Wanakuja Jumamosi. Lakini ukoo wote unasema: tutamulilia namna gani mutu ambaye kila Alhamisi redio inasema anatafutwa? Mutu anayeitwa, sisi hatumulilii."

"Ni mimi ninamuita."

"Najua, Erne. Kila Alhamisi nakusikia."

Baba aliondoka Kabambare asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nane, akiendesha baiskeli yake nyeusi, kinga kama tunavyoiita sisi, akiwa ameifunga kwenye kibebeo, kwa mpira, nakala ya daftari iliyochelewa kupelekwa mwaka ule. Vita vilikuwa vimeanza kusikika mbali, naye alisema nakala inayolala kabati moja na daftari si nakala. Hakufika Kasongo. Daftari lenyewe lilibaki kabatini kule Kabambare, na nimeambiwa lipo hadi leo, zima, halikuguswa na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Na weye?" nikamwuliza mama. "Si François, weye. Unataka?"

Alitazama kamba yangu ya karatasi muda mrefu.

"Miaka makumi mbili na saba, mutu akiniuliza Raphaël alikuwa namna gani, nasema: kovu ku kidole gumba, shati ya rangi ya majivu, kinga nyeusi. Kinga, kovu, shati. Sababu njo ile mutafutaji anaulizwa. Mengine yote nikayaweka mbali, hayana kazi. Sasa nikitaka kuyachukua siyaoni." Akakaza fundo la kitenge. "Nimechoka kumutafuta. Nataka nimukumbuke. Mutu hawezi kufanya zote mbili, mama. Nimejaribu."

Aliniita mama, kama anavyoniita anapotaka nimbebe. Nikachukua karatasi, nikaandika: Véronique anaomba kufungiwa utafutaji wa mumewe Raphaël. Namba thelathini na saba. Nikaibana kambani. Mama akashukuru kama mtu yeyote, akatoka, na aliyekuwa nyuma yake akasogea.

Hervé hakuinua macho, ila nilijua amesikia. Nilimwuliza nakala imefika wapi. Jalada la baba lilikuwa limeshachotwa tangu saa nne asubuhi. Kwenye disiki mpya, baba alikuwa bado anatafutwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi uchotaji ukaisha. Hervé aliijaribu nakala kwa njia zote alizozijua, akaiuliza Safi ikajibu Malaika, akaiuliza Malaika ikajibu Safi. Kilichobaki kilikuwa kushusha karatasi. Zilikuwa hamsini na mbili. Akaenda uani kuangalia betri, akaniacha nazo.

Niliingiza ya kwanza, ya pili, ya kumi na mbili ya mzee Bulaimu, na ya ishirini, ya Abdoul, nikaufunga uzi wao kwa raha. Nikafika thelathini na sita. Kisha nikaishusha thelathini na saba, nikaiweka chini ya kikombe, nikaendelea na thelathini na nane.

Sitajitetea. Niliwaza kwamba hakuna atakayejua. Niliwaza kwamba mama ana uchungu wa siku moja na mimi naweza kuusubiri upite. Zaidi ya yote niliwaza habari za saa kumi, na ile sekunde kabla ya kusoma jina la kwanza, ambapo kila wiki, kwa miaka sita, nilikuwa mtoto mwenye baba. Watu huona aibu kusema mambo kama haya. Mimi nayasema: kazi hii sikuichukua kwa ajili ya majina elfu kumi na moja. Niliichukua kwa ajili ya moja, na hayo mengine nikajifunza kuyapenda baadaye.

Hervé alirudi akifuta mikono. Akasoma kwenye kioo.

"Karatasi ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Mashini inasema makumi tano na moja."

Alikiona kikombe, na nadhani aliiona pembe ya karatasi chini yake, kwa maana aligeuka akatazama mashine ya zamani, ile iliyokuwa bado inatafuna.

"Yaya, ile naizima leo. Tangu leo hii mupya njo itakuwa kweli, hakuna ingine ya kuuliza. Kile tunaacha inje, kinabaki inje." Akachukua koti lake. "Nakwenda kutafuta chai. Sina haraka."

Nikaitoa karatasi. Duara la maji ya kikombe lilikuwa limelowesha jina la baba. Nikalifungua jalada lake kwenye nakala: karani, miaka arobaini na miwili, kovu, shati, baiskeli. Nikabonyeza pa kufunga utafutaji. Kijana aliyetutengenezea programu hii alijua njia mbili tu za utafutaji kwisha, na mashine ikaniuliza nichague: amepatikana, au amefariki. Nikampigia mama simu.

"Mama, mashini inataka niseme moja. Amepatikana ao amekufa."

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga mbali.

"Andika amekufa," alisema. "Usiogope. Ni mimi nimesema, haikuwa weye."

Niliandika. Neno lile halikuwahi kusemwa nyumbani mwetu, hata kwa bahati mbaya, na lilikaa pale kiooni, fupi, kama maneno mengine. Machozi yakaanza kunitoka na nikayaacha. Mashine haikuwa imemaliza.

"Inaomba tarehe."

Mama alikuwa mke wa karani miaka kumi na mitano. Alijua tarehe ni kitu gani.

"Andika ya leo," alisema.

"Ya leo, mama?"

"Mpaka jana tulikuwa tunamutafuta. Hakukufa kabla ya leo."

Nikaandika tarehe ya leo. Nikabonyeza. Karatasi hamsini na mbili, mashine ikasema hamsini na mbili.

"Imeingia," nikamwambia.

"Baba yako angekataa," alisema mama, na ghafla nikasikia sauti yake inacheza. "Tarehe ya uongo! Angevua miwani, angesema, mama ya Ernestine, hii kitabu haiko sahani ya kila mutu kutia mukono. Unajua alimukatalia mukubwa wa territoire, mutawala wa wilaya nzima? Alikuja na mupwa wake, anataka amupunguzie miaka mitatu aingie mu jeshi. Baba yako akasema, nimupunguzie ile gani, ile alinyonya ao ile alisoma?"

Nilicheka huku nalia. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nami nikakumbuka kitu, kikanijia chote kwa mara moja kutoka mahali nilipokuwa nimeketi chini ya meza yao.

"Mama, ulijua alikuwa anavua viatu?"

"Wapi?"

"Mu biro. Chini ya meza. Weye ulikuwa unasoma, yeye anaandika, huko chini miguu yake inacheza. Dole gumba moja inapanda juu ya ingine, kila ukisema koma. Ukisema kituo, zinasimama."

Nikasikia kicheko kinapanda toka mbali, kicheko cha msichana, ambacho sidhani nimewahi kukisikia maishani mwangu.

"Raphaël!" alisema. "Raphaël weye! Na juu ya meza yuko sawa na padri!"

Mtu aligonga ukingo wa dirisha. Alikuwa mwanamume mwenye vumbi la safari, kofia mkononi, ameshika karatasi yenye jina. Nikamwonyesha kiganja changu, nikamwomba anisubiri kidogo. Mama alikuwa amekumbuka kingine, na alikuwa ameshaanza kusimulia.